Jiwe Lililovaa Kanzu

Hapo zamani, tena zamani yenyewe si ya kale, maana simu zilikuwepo na watu walikuwa wanagombea soketi ya chaji kama leo, palikuwa na harusi katika kijiji cha Kwetango, huko juu kabisa kwenye milima ya Usambara. Kaeni vizuri. Anayetaka kukohoa akohoe sasa. Hadithi hii ina swali mwishoni, na atakayekuja kuniambia hakusikia vizuri, mimi na yeye tutakosana.

Aliyeolewa siku hiyo alikuwa Habiba, binti mdogo wa Mzee Shemhina. Lakini hadithi si ya Habiba. Ni ya dada yake mkubwa, Zaituni. Zaituni alikuwa na mimba pevu, tumbo mbele, miguu imevimba, na bado shughuli nzima ilikuwa mikononi mwake. Zaituni, sufuria kubwa iko wapi? Zaituni, mchele umekwisha oshwa? Zaituni, mashekhe hawajapata chai! Aliitika kote. Mama yao alikuwa amefariki, basi siku ile yeye ndiye alikuwa mama.

Na katika kazi zote hizo, iliyomkosesha raha ilikuwa kumchunga baba. Mzee Shemhina alikuwa ameanza kusahau. Alianza na vitu vidogo, akafika kwenye vikubwa. Alisahau kwamba amekula, akadai chakula tena. Alisahau njia ya msikitini, na msikiti uko pale pale ubavuni mwa nyumba yake. Siku nyingine alimwita Zaituni kwa jina la marehemu mkewe, naye Zaituni akaitika, maana angefanyaje? Ujanani mzee alikuwa mpasua mbao, na kuna asubuhi aliamka akitafuta viatu mvunguni mwa kitanda, akisema, "Nachelewa kazini." Zaituni humshika mkono, humwambia, "Leo mapumziko, baba. Leo hakuna kazi." Naye hutulia.

Siku ya harusi mzee alivaa kanzu nyeupe pe na koti jeusi juu yake. Akamwozesha binti yake, akasema maneno yote pale yalipotakiwa, hakukosea hata moja. Watu wakasema mashallah, mzee leo yuko sawa kabisa. Zaituni akashusha pumzi. Akamkalisha kwenye kiti kibarazani, akampa chai, akasema, "Baba, usiondoke hapa, naangalia pilau nakuja." Akaenda jikoni.

Hapo ndipo palipoharibika.

Sasa, nje uani kulikuwa na wapiga picha wawili, na hawa lazima niwaeleze, maana bila hao hatuna hadithi. Wa kwanza alikuwa Hoza, kijana mrefu mwenye kamera kifuani na maneno mengi mdomoni. Yeye kazi yake kupiga. Wa pili alikuwa Eliwaza, mama wa Kipare mwenye studio pale sokoni, mtu wa maneno machache. Yeye alikaa mezani chini ya turubai, karibu na jenereta, na kompyuta yake na printa. Hoza akipiga, analeta kadi ya kamera mezani. Eliwaza anaichomeka, anasafisha picha, anainoa, anaichapa, na mgeni anaondoka na picha yake hapo hapo ingali na joto.

Mnauliza kunoa picha ni nini? Ni kunoa, kama unavyonoa kisu. Kwenye ile programu kuna kitufe cha ukali. Ukikivuta kidogo kulia, kingo za vitu zinakaza: kope zinaonekana moja moja, nakshi za kanga zinajitokeza, mtu anajiona amependeza kuliko alivyotoka nyumbani. Ukikivuta mno, unaharibu. Uso unaota chenga, na kila kitu kinaota mstari mweupe pembeni. Eliwaza alikuwa na mwiko wake, na wote sokoni waliujua: hakivuti kuzidi. Wateja walimbembeleza, dada kaza kidogo, dada mbona ya fulani inang'aa? Akawajibu, "Programu inanoa kilichopo. Kisichopo haikijui." Wakakasirika, wakalipa, wakaenda zao.

Basi saa ya picha ya ukoo ikafika. Hoza akapiga makofi: "Haya, familia! Bibi harusi katikati! Baba wa bibi harusi!"

Watu wakageuka huku na huku.

"Baba wa bibi harusi jamani, ukungu unatuingilia!"

Zaituni akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akatazama kibarazani. Kiti kipo, kikombe kipo, baba hayupo.

Walitafuta chumbani, hayupo. Walitafuta msikitini, hayupo. Walitafuta hata kwenye gari la bwana harusi, maana mzee alipenda magari, hayupo. Mama mmoja akasema alimwona anashuka njia ya mtoni. Ehee! Basi wanaume wote wakashuka mtoni, na mume wa Zaituni, Kaniki, akiwa mbele, wakiita "Mzee Shemhina! Mzee Shemhina!" mpaka sauti zikamezwa na ukungu. Baadaye ilijulikana kwamba yule mama alimwona mzee mwingine kabisa, na juzi yake. Lakini ndiyo hivyo, watu wameshashuka.

Mnaijua baridi ya Usambara mwezi wa saba? Hamuijui. Nyie mnaona upepo kidogo mnavaa sweta. Kule jua likizama, baridi inaingia kwenye mifupa, na Mzee Shemhina alikuwa na kifua kibovu, kifua cha mtu aliyekula vumbi la mbao maisha yake yote. Kila mtu pale uani alijua, ingawa hakuna aliyesema: mzee akilala nje usiku huu, kesho watapika chakula cha msiba kwenye sufuria zile zile za harusi.

Zaituni alitaka kwenda mtoni. Wanawake wakamshika. "Utazalia njiani wewe! Kaa!" Akakaa, akasimama, akakaa. Mwishowe akasimama katikati ya uwanja, mikono juu ya tumbo, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Atakayenirudishia baba yangu mzima kabla ya giza, huyo ndiye atakayempa jina mtoto wangu. Awe nani, awe nani. Jina atakalosema, ndilo."

Watu wakashtuka. Kwao, kumpa mtoto jina si jambo la mpita njia. Haki hiyo ni ya upande wa baba. Na aliyempa mtoto jina anakuwa mzazi: mtoto akifaulu anaitwa, mtoto akiharibikiwa anaitwa, siku ya kumwoza haozwi bila yeye. Wifi yake Zaituni, Mwanahamisi, akaruka: "Wifi! Jina ni letu hilo!"

Na kuna jambo ambalo hata Mwanahamisi hakulijua. Zaituni alikuwa ameshazungumza na mumewe, wakakubaliana, mtoto akiwa wa kiume ataitwa kwa jina la babu yake. Mzee alikuwa anajisahau mwenyewe kidogo kidogo, na Zaituni alitaka awepo mtu ndani ya nyumba wa kulibeba jina lake. Ndilo alilolitoa pale uwanjani. Hakuwa na kingine kikubwa cha kutoa.

Kisha akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Eliwaza. Akasema, "Dada Eliwaza, nionyeshe picha zote za leo. Nataka nione baba alionekana mwisho wapi, na alikuwa anaelekea wapi."

Eliwaza akazifungua moja moja. Mzee anamwozesha binti, yupo. Mzee anakula tende, yupo. Mzee kwenye kiti, anamtazama mtu asiyeonekana. Halafu watoto, halafu shangazi wa bwana harusi, halafu mbuzi, maana Hoza alikuwa anapiga hata mbuzi. Mzee hayupo tena.

"Ndizo zote?" akauliza Zaituni.

"Ndizo zote nilizoletewa," akasema Eliwaza.

Hoza alikuwa amesimama hapo nyuma. Akajikuna shingo. Akatazama kushoto, ndugu wa bwana harusi hao. Akatazama kulia, ndugu wa bibi harusi hao, na ndio waliompa kazi.

"Ipo moja," akasema. "Sikuileta. Imeharibika."

Picha yenyewe ilikuwa ya maharusi pale ukingoni mwa uwanja, bonde na kilima cha ng'ambo vikiwa nyuma yao. Ilikuwa iwe picha kubwa ya kutundikwa sebuleni. Sasa Hoza, kwa kupiga porojo na wasimamizi, hakuangalia. Kamera ikawaruka maharusi, ikakishika kilima. Habiba alitoka amefifia kama moshi wa ubani, na bwana harusi hana pua. Hoza alipoiona kwenye kamera alitaka kuifuta pale pale, akaitwa kula, akasahau. Sasa akaitoa mbele ya wote. Shangazi wa bwana harusi akaitazama, akasema, "Yaani umeletwa toka mjini upige picha mlima?" Hoza akainamisha kichwa.

Lakini Zaituni hakuwatazama maharusi. Alitazama kilima. Kule juu, kwenye kichaka, chini kidogo ya kilele, aliona kitu. Doa. Kama limesimama.

"Dada, pale. Pakuze pale."

Eliwaza akapakuza. Ukungu mtupu na doa jeusi.

"Panoe."

Akapanoa. Akakivuta kitufe mpaka pale anapokivuta siku zote. Kichaka kikajitokeza, matawi yakajitokeza, doa likawa doa lenye kingo.

"Tena."

"Mama Zaituni, hapa ndipo mwisho. Nikizidisha, picha itaanza kudanganya. Utaona kitu ambacho hakipo."

"Zidisha."

"Si sawa. Utaumia bure."

Zaituni akamshika mkono. Hakuwa analia kwa sauti, machozi yalikuwa yanatiririka tu na kuingia mdomoni. "Dada Eliwaza, huyu ni baba yangu. Jua linazama. Zidisha."

Eliwaza alimtazama yule mama na tumbo lake. Miaka yote ile sokoni alikuwa hajakubali. Akakivuta kitufe. Akakivuta mpaka mwisho, mahali ambapo hata yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Picha ikajaa chenga. Na pale kilimani, ubavuni mwa doa jeusi, ukajitokeza mstari mweupe, mpana juu, mwembamba chini. Watu waliojazana nyuma yao wakapiga kelele kwa pamoja.

"Kanzu! Kanzu yake hiyo! Na koti jeusi!"

Ni kweli ilionekana hivyo. Mtu mwenye koti jeusi, kanzu nyeupe imechungulia, amesimama kwa ubavu. Ungekuwepo na wewe ungesema ni mzee.

Isipokuwa mtu mmoja. Singano. Huyu alikuwa jirani, fundi wa kujenga, na alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia Singano leo Jumatano, anakuuliza nani kasema. Alikuwa amerudi kutoka mtoni kuchukua kamba, suruali imelowa mpaka magotini. Akachungulia, akacheka puani.

"Jiwe hilo."

"Singano, nyamaza!"

"Jiwe! Nyie kompyuta imewatia wazimu. Hili jiwe mmelivalisha kanzu wenyewe."

"Basi kaa!"

"Sikai. Nakwenda. Tena nakwenda kwa mguu wangu nilishike kwa mkono wangu, halafu nirudi kila mmoja wenu aniambie mbele ya shughuli hii: Singano, ulisema kweli."

Zaituni akampigia mumewe simu. Kaniki na wenzake wakaacha mto, wakakata bonde, wakapanda kilima mbio. Singano akapanda nyuma yao, taratibu, na kamba yake begani. Zaituni akabaki amesimama ukingoni mwa uwanja. Ukungu ulikuwa umekifunika kilima chote, haoni kitu. Alihesabu pumzi zake. Mtoto tumboni alikuwa anapiga teke.

Simu ikalia. Kaniki. Alikuwa anahema.

"Mama," akasema, "ni jiwe."

"Angalia vizuri."

"Nimelishika, mke wangu. Ni jiwe jeusi limelowa. Hakuna cheupe hapa, hata kinyesi cha ndege hakuna. Tumeita, haitiki mtu. Tunarudi mtoni, tusipoteze mwanga."

Zaituni akakaa chini, pale pale kwenye nyasi na nguo zake za harusi. Alimgeukia Eliwaza. Alivyomtazama, Eliwaza aliifunga kompyuta, akaweka mikono juu yake, akainama. Alijua. Aliwaambia itadanganya, na imedanganya, na ni mkono wake uliovuta.

Jenereta mtu alikuwa ameizima. Na mwanga ukawa unapungua.

Halafu huko ng'ambo, juu ya kilima, ikatoka sauti moja. Haikusikika inasema nini. Ikajibiwa na sauti nyingine chini yake. Halafu bondeni sauti ya tatu, karibu zaidi, na hiyo Zaituni aliisikia sawasawa.

"Yupo! Mzima! Yupo!"

Neno likapanda kutoka bondeni, mdomo kwa mdomo, likafika shambani, likafika njiani, likaingia uwanjani, na wanawake wakalidaka kwa vigelegele. Zaituni akabaki amekaa, anacheka na kulia kwa wakati mmoja, anapiga nyasi kwa viganja, anasema "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," na Eliwaza, Mlutheri yule, akawa anaitikia pamoja naye. Hata Mwanahamisi wifi alimkumbatia. Jamani, nafuu ile! Kama mtu amekukaba shingo halafu akakuachia.

Ilikuwaje? Kama walivyosimulia wenyewe, ilikuwa hivi. Kaniki na wenzake walipogundua ni jiwe, waligeuka wakaondoka. Singano akafika wanashuka. Angeweza kushuka nao. Lakini Singano, mnamjua sasa. Alitaka raha yake. Akapanda juu ya lile jiwe, akasimama wima, akalipiga teke, akawapigia kelele wenzake huko chini, "Haya! Mzee wenu huyu hapa! Njooni mumsalimie!"

Na kutoka chini ya miguu yake, nyuma ya jiwe, sauti ikasema kwa ukali, "Umechelewa."

Singano karibu aanguke.

Nyuma ya jiwe kulikuwa na shimo la kale la kupasulia mbao, limefunikwa na magugu, watu walikwisha kulisahau. Zamani gogo lililazwa juu ya shimo kama lile, mpasuaji mmoja akasimama juu na mwingine chini, na msumeno mrefu ukapita katikati yao. Mzee Shemhina alikuwa mtu wa chini. Alikuwa amekwenda kazini. Alikuwa amekaa ndani ya shimo amevaa fulana tu, anatetemeka, meno yanagongana. Kanzu ameivua, ameikunja vizuri, ameifunika na koti isishike vumbi la mbao. Hakuna kamera duniani ingeiona kanzu ile. Hakuitika alipoitwa, maana walioita walimwita Mzee Shemhina, na yeye pale chini alikuwa kijana.

"Umechelewa," akasema tena, akimtazama Singano aliye juu ya jiwe. "Shika msumeno."

Na Singano, mbishi yule, mtu asiyekubali hata kwamba mvua inanyesha, hakubisha. Akasema, "Nimeshika, kaka. Nimeshika. Lakini gogo limekwisha. Leo tumemaliza." Akateremka shimoni, akamvalisha kanzu, akamvalisha koti, akamfunga mgongoni kwa ile kamba, akapanda naye. Akambeba bondeni na mlimani mpaka mlangoni kwa Zaituni, wala hakukubali mtu ampokee.

Zaituni alimkanda baba yake miguu kwa maji ya moto. Akamlisha pilau kwa mkono wake. Mzee akala, akatazama taa na watu na mapambo, akasema, "Leo kazi ilikuwa nyingi." Zaituni akamjibu, "Sana, baba." Ngoma ikapigwa usiku ule kuliko ilivyowahi kupigwa katika harusi yoyote Kwetango. Habiba alisahau kabisa habari ya picha yake.

Haya. Ningeishia hapo mngekwenda kulala vizuri. Lakini Zaituni alijifungua, salama salimini, mtoto wa kiume. Siku ya akika ikafika, mbuzi akachinjwa, watu wakakaa, na mtoto analetwa apewe jina. Nani ampe?

Hoza akasimama wa kwanza. "Mimi ndiye," akasema. "Mlikuwa mnatafuta mtoni nyote. Nani alikuwa anakiangalia kilima? Picha yangu ndiyo iliyokiangalia. Ningeweza kunyamaza. Niliitoa picha ile mbele ya watu walioniajiri, nikatukanwa, na mpaka leo hakuna harusi niliyoitwa tangu ile. Bila picha yangu, Singano angekuwa mtoni na kamba yake."

Watu wakasema, "Lakini ulikosea. Ulikuwa unapiga porojo."

"Nilikosea kupiga," akasema Hoza. "Kuitoa sikukosea."

Singano akasimama wa pili. "Mimi ndiye," akasema. "Ahadi ilikuwa ya atakayemrudisha. Aliyemrudisha nani? Picha ilimrudisha? Picha iliwafikisha kwenye jiwe mkageuza migongo mkaondoka! Mimi nilibaki. Mimi nilimwona. Mimi nilimbeba, na mgongo huu bado unauma. Na isitoshe, nilisema ni jiwe, likawa jiwe, na hadi leo hakuna hata mmoja aliyeniambia nilisema kweli."

Watu wakasema, "Lakini ulibaki kwa kutucheka. Hukubaki kwa kumtafuta mzee. Wewe ndiye uliyeamini kuliko wote kwamba hayupo."

"Nilipanda kwa kucheka," akasema Singano. "Nilishuka shimoni kwa kucheka?"

Watu wakamgeukia Eliwaza.

Eliwaza hakusimama. Zaituni ndiye aliyemwambia, "Dada, sema na wewe."

"Mimi sijui kama ni mimi," akasema Eliwaza. "Nilitia cheupe pahali pasipo na cheupe, na nilijua. Sikukosea kama Hoza, wala sikubahatisha kama Singano. Niliharibu kazi yangu macho yangu yakiwa wazi, kwa sababu mtu alikuwa analia. Ningeinoa inavyotakiwa, mngeona doa, na hakuna ambaye angepanda mlima kwa ajili ya doa. Mlipanda kwa sababu ya uongo wangu. Na tangu siku hiyo, sokoni kila mteja ananiambia, kwa Mama Zaituni ulizidisha, kwangu mimi kwa nini hutaki? Sina la kuwajibu."

Watu wakasema, "Lakini ulidanganya."

"Ndiyo," akasema Eliwaza. "Nilidanganya."

Basi uwanja ukagawanyika. Vijana wakasema Hoza, maana mwanzo ni wake. Wanaume wakubwa wakasema Singano, maana mgongo ni wake. Wanawake wengi wakasema Eliwaza, wengine wakasema hapana, mtoto hawezi kupewa jina na uongo. Mwanahamisi akasema kama wameshindwa kuelewana, jina lirudi kwao. Kaniki akamwambia dada yake anyamaze.

Katikati ya mabishano hayo, Mzee Shemhina alikuwa amekaa kitini, amefunikwa blanketi, na mtoto amelazwa mapajani mwake. Alikuwa ananusa kichwa chake, kama wazee wanavyofanya. Akainua macho.

"Mtoto wa nani huyu?" akauliza.

"Wangu, baba," akasema Zaituni. "Mjukuu wako."

"Mzuri," akasema mzee. "Anaitwa nani?"

Hoza akamtazama Zaituni. Singano akamtazama Zaituni. Eliwaza alitazama chini. Na mzee bado anasubiri kuambiwa.

Sasa nyie mnaojua kila kitu, nijibuni, msikimbie. Aliyekosea kazi yake lakini akaitoa aibu yake mbele za watu. Aliyejua anadanganya lakini akadanganya kwa huruma. Au aliyekwenda kwa dhihaka lakini akarudi amembeba mzee mgongoni? Zaituni amefungua mdomo, anataka kumjibu baba yake. Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?